Mama Noela na Chupa Yenye Taa

Pale Mbagala Kizuiani, ukimuulizia Editha fundi cherehani, watu watakuuliza ni Editha yupi. Ukisema Mama Chemsha, hata muuza mihogo atakuonyesha nyumba kwa kidole. Jina hilo alipewa na majirani, naye hakulichukia, maana lilikuwa la haki. Mama huyu hakuwa anakunywa maji yoyote ila yale aliyoyachemsha kwa mkono wake, akayachuja kwa kitambaa cheupe na kuyafunika. Akienda parokiani kuwapima wanakwaya sare, dumu lake dogo lilikuwa mkononi. Akienda msibani, dumu. Akialikwa harusini alivaa gauni alilolishona mwenyewe, kilemba kikasimama, na dumu likafuata nyuma kama mpambe.

Asili yake ilikuwa Masasi, na mambo hayo yalianzia hukohuko. Akiwa msichana mdogo alikunywa maji kwenye sherehe ya jirani, na kesho yake kipindupindu kikamlaza. Aliwaona watu wazima wakilia pembeni ya kitanda chake, wakidhani hasikii. Akapona, akakua, akaolewa na Gervas fundi seremala, wakahamia Dar es Salaam. Lakini koo lake lilikuwa limeshaapa. Maji ya mtu mwingine yakifika mdomoni, yanakwama. Habari hiyo aliijua Gervas peke yake. Wengine walicheka tu, na Editha akacheka nao.

Kicheko kilikatika siku binti yao, Noela, alipochumbiwa. Mchumba alikuwa Theonest, kijana wa kitengo cha mizigo uwanja wa ndege, mtoto wa watu wa Bukoba waliojenga Kipawa. Siku familia zilipokutana huko Kipawa, mama yake Theonest, mwalimu mstaafu aitwaye Felicitas, alileta maji mwenyewe. Bilauri ilikuwa juu ya sahani, na sahani aliishika kwa mikono miwili. Editha akapokea, akagusisha midomo, akarudisha. Bilauri ilirudi imejaa vilevile. Felicitas aliitazama, kisha akamtazama mgeni wake.

Harusi ilifungwa, watu wakacheza. Lakini tangu siku ile wakwe wale wawili wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Noela akajifungua mtoto wa kike, akiwa kwa wakwe zake Kipawa. Kwa desturi, mama mzazi huenda kukaa na binti yake, amkande kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. "Mama, unakuja lini?" Noela aliuliza kila alipopiga simu. "Nakuja, mwanangu," Editha alijibu, na haendi. Angeingiaje nyumba ile na dumu lake? Ingekuwa kutonesha kidonda.

Jumamosi moja Theonest akatokea Mbagala na boksi kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, anakusubiri wewe tu."

Ndani ya boksi mlikuwa na chupa ya chuma, ya kijani, nzito mkononi. Theonest alieleza kwamba ukuta wake ni wa tabaka mbili, ndiyo maana baridi haitoki wala joto haliingii. Kisha akaushika mfuniko. "Unagusa hapa juu. Taa iliyo ndani inatoa mwanga wa urujuanimno, unaua vijidudu kwenye maji. Halafu kila baada ya muda inajiwasha yenyewe, chupa inajisafisha."

"Mwanga ndio unaua vijidudu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona sie tunashinda juani na bado tunaumwa?"

Theonest alicheka. Akasema mwanga wa aina hii ukitoka juani huishia hukohuko angani, haufiki kwetu, na kwamba maji yenyewe lazima yawe maangavu, maana kwenye tope mwanga haupenyi. Kisha akashusha sauti. "Mama, mie sikuileta kwa ajili ya maji tu."

Editha alimwelewa. Aliigeuza chupa ile mara mbili tatu. "Niachie. Nitaijaribu kwanza."

Na kujaribu kwa Editha hakukuwa mzaha. Huyu ni mtu asiyekata kitambaa kabla hajakivuta kuona kama kinanyumbuka. Alianza na baridi. Alijaza maji na vipande vya barafu, akampa Gervas aende nayo karakana kwao Chang'ombe. Jioni mzee alirudi akiitikisa karibu na sikio la mkewe kama kayamba. Barafu ilikuwa bado inagonga.

"Mafundi wote wamekunywa," alisema kwa fahari.

"Kwa midomo yao?"

"Kwa kikombe, Mama Noela. Mie si nakujua."

Baada ya hapo akateka maji ya kisima, nusu akayatia kwenye chupa ya Theonest, nusu kwenye chupa ya kawaida ya plastiki, akaziweka zote mbili mezani karibu na cherehani. Zikakaa hapo siku kadhaa. Kila mfuniko ulipojiwasha, Gervas aliukimbilia na kuufungua aone mwanga unavyofanya kazi, na kila alipoufungua taa ilizimika.

"Inakuonea aibu," Editha alimwambia, bila kuinua macho kwenye mshono.

Alipokuja kuzikagua, ile ya plastiki ilikuwa imeota utelezi ndani, na harufu yake ni ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa kwenye beseni. Ya Theonest aliinusa, akaingiza kidole, akakisugua kwa dole gumba. Hakuna utelezi. Hakuna harufu. Gervas akaonja kidogo, akakunja uso. "Chumvi ya Mbagala ipo palepale."

"Taa haijaahidi kutoa chumvi," alisema Editha, na hapo Gervas akajua mkewe ameanza kuipenda ile chupa.

Likabaki la kunywa maji ya bomba yasiyochemshwa. Gervas alijitolea. Alijaza, akagusa mfuniko, wakasubiri taa imalize kazi yake, kisha akanywa yote huku mkewe akimkodolea macho. Siku hiyo mzee hakupata raha. "Tumbo vipi?" Lipo. "Halingurumi?" Halingurumi. Alipokwenda uani, akitoka alimkuta mkewe amesimama nje ya mlango.

"Umeendea nini?"

"Mwanamke, hata chooni nisiende bila maelezo?"

Jioni Gervas akajikunja ghafla, akashika tumbo, akaguna kwa uchungu. Editha alidondosha mkasi, akamrukia. Ndipo mzee akanyooka, machozi ya kicheko yakimtoka. Alichapwa kwa utepe wa kupimia mpaka akakimbilia barazani, na mkewe aliyekuwa akimchapa alikuwa anacheka kuliko yeye.

Kesho yake Editha alikunywa. Alingoja abaki peke yake, akasimama karibu na cherehani, akafumba macho. Funda dogo. Likafika kooni, likasita kidogo, likapita. Alisikia ubaridi ukimshuka kifuani, akaketi. Akanywa la pili, kubwa. Akakaa pale na chupa mapajani, anatabasamu kama mtu aliyepewa habari njema na hajapata wa kumwambia.

Hakuacha kuchemsha maji ya nyumbani. Mazoea ni mazoea. Ila lile dumu dogo alilitia maharage, akalipandisha juu ya kabati. Wiki ile ile akaenda Kipawa.

Felicitas alimpokea mlangoni. "Karibu, Mama Noela." Editha akapewa mjukuu, akamnusa shingoni, akamwita majina yote matamu aliyoyajua. Halafu sahani ikaja na bilauri yake. Safari hii Felicitas hakuitia mikononi mwa mgeni. Aliiweka kwenye kimeza, kama mtu anayeshika adabu tu na hatarajii kitu.

Editha alitoa chupa mkobani. Akayamimina maji ya Felicitas ndani yake, akafunga, akagusa mfuniko. Duara la buluu likawaka. Noela, aliyekwisha kumchukua mtoto wake, akaacha kumfunika.

"Hiyo ni nini?" Felicitas aliuliza.

Theonest alikuwa mlangoni, akafungua mdomo kueleza. Editha akainua mkono. "Acha, baba. Nitasema mwenyewe."

Akasimulia. Sherehe ya Masasi, kikombe alichokunywa, watu wazima waliolia wakidhani hasikii. Alisema kwa kifupi, bila kujionea huruma. Alipomaliza, taa nayo ilikuwa imeshazimika. Akafungua, akanywa bila kupumzika, akafuta midomo.

"Maji yako matamu, mkwe."

Felicitas aliketi taratibu. "Kumbe," alisema. Akaitazama bilauri tupu, kisha akasema tena, "Kumbe. Waitu, ndugu yangu, mie niliamini unaogopa nitakuroga."

"Mie?"

"Mtu anakuja kuoza binti yake, anakataa maji ya mwenyeji. Nikasema huyu kaambiwa mie mchawi."

"Na mie nilikuwa naogopa utasema nina maringo."

"Hilo nilisema," alijibu Felicitas. "Nililisema sana."

Walitazamana, kisha kikawapata kicheko ambacho hakuna aliyejua kilianzia kwa nani. Felicitas akaiomba chupa. Alikuwa mwalimu, hakubali kitu kwa kusimuliwa. Alijaza, akawasha, akasubiri, akamimina kikombeni na kunywa. Majirani waliokuja kumwona mzazi nao wakataka. Vikombe vikapangwa, taa ikawashwa tena na tena, na kila mmoja akatoa hukumu yake. Mmoja alidai maji yamekuwa mepesi. Mwingine alisema hajaona tofauti, ila aongezewe.

Bibi Eufrazia, shangazi yake Felicitas aliyekuja kutoka Bukoba, alitoweka kidogo, akarudi na rubisi, ile pombe ya ndizi, kwenye jagi.

"Tujaribu na hii. Tuone kama taa inaua na ulevi."

"Bibi, karatasi ya maelekezo inasema maji tu," Theonest alimsihi, lakini jagi lilikuwa limeshainama. Taa ikawaka, ikazimika. Bibi akanywa, akatafakari, akanywa tena.

"Haikuua kitu," alisema. "Chupa nzuri hii."

Nyumba ikaangua kicheko mpaka mtoto akaamka.

Editha alikuwa amefunga nguo za kukaa siku chache tu. Siku hizo zikapita, na nyingine zikafuata. Asubuhi alimkanda Noela na kumwogesha mtoto, kisha alikaa mkekani na mkwe wake wakimenya ndizi.

"Unamenya kama unachonga kinyago," Felicitas alimwambia.

"Na wewe ile kanzu uliyovaa harusini, mkwe, nilidhani umejifunga gunia."

Gervas akapiga simu kulalamika kwamba wateja wanaulizia sare zao, na yeye mwenyewe amechoka kula chipsi.

"Waambie wateja nipo Kipawa," alisema Editha, simu imebanwa begani, ndizi mkononi. "Mtoto anabatizwa Jumapili, na hata kitambaa cha gauni lake hatujakubaliana. Mkwe anataka cheupe kitupu. Mie nataka kiwe na lesi. Wewe chukua nguo zako nzuri, uje."