Siku Tuliyombeba Mwalimu Kule Kang'ata

Mwalimu aliyetufundisha uongozi kambini hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mwanamke mwembamba anayefundisha hesabu Korogwe, na likizo zake alizitoa kwa skauti. Ukimletea machela uliyotengeneza kwa fimbo mbili na mashati, aliitikisa, akaifungua mbele ya macho yako, akasema, "Tena." Unafunga vifungo vya mashati, unapitisha fimbo kwenye mikono, mwenzako analala juu, mnambeba kuzunguka uwanja. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na machela ilikuwa imenichosha hata kuiona.

Kambi ilikuwa Kang'ata, katika shule iliyofungwa kwa likizo. Ilikuwa kambi ya mkoa, ya kuandaa viongozi wa vikundi, na walimu walituchanganya makusudi: wa Handeni na wa Korogwe katika kundi moja. Sisi wa Handeni tuliwaona wenzetu wanajidai. Wao walituona watu wa vumbi, na kila asubuhi walilalamikia ndoo moja ya maji ya kuoga.

Katika kundi letu alikuwemo msichana wa Magoma, upande wa Korogwe, mkubwa kwangu kidogo, ambaye nilimwita dada. Ramani na dira alizijua kuliko sisi sote, na sauti yake ilisikika uwanja mzima. Kila mtu alijua kwamba siku ya matembezi marefu yeye ndiye angeongoza. Lakini mwalimu akanitaja mimi, na yeye akamfanya msaidizi wangu.

"Sawa, kiongozi," dada akaniambia bila kunitazama.

Tuliondoka jua likiwa bado si kali. Tulipita zahanati iliyo karibu na barabara, tukakata mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tukaingia vichakani ambako Wamasai huchungia ng'ombe wao. Mwalimu alitembea nyuma kabisa. Alikuwa ametuambia kwamba siku hiyo hatajibu swali lolote. Tukipotea, tutapotea naye. Nami nilitembea mbele nikihisi macho ya dada mgongoni. Kila nilipofungua ramani nilijua anasubiri nikosee.

Kwanza nilisikia mngurumo, nikadhani pikipiki inakuja. Nikageuka kuwaambia wenzangu wapishe njia. Pikipiki haikuwepo. Mtu mmoja akajipiga shingoni, mwingine akapiga kelele, kisha hewa yote ikawa nyuki. Mpaka leo sijui walichokozwa na nini.

Tulikuwa tumefundishwa kufunika uso na kukimbia moja kwa moja bila kurusha mikono. Nilikimbia hivyo kwa muda mfupi, halafu nikawa nakimbia tu. Tulikuja kukusanyika kwenye korongo kavu lenye vichaka vizito, tukihema, huku nyuki wachache waliotufuata wakiendelea kutuchoma kichwani.

Mwalimu alifika wa mwisho, akitembea. Alikuwa amebaki nyuma kumfunika kwa mtandio wake binti mmoja aliyekuwa ameanguka, na sasa alifika naye. Akaketi chini. Mikono yake ilikuwa imejaa mabaka mekundu na mdomo umeanza kuvimba.

"Kiongozi," akaniambia, na sauti haikuwa yake, "hesabu watu wako."

Alianza kuvuta pumzi kwa shida, kwa mlio mwembamba kama wa filimbi iliyoingia mchanga.

Nikahesabu. Alikosekana mmoja: kijana wa Handeni mjini, mkubwa wa umbo kuliko wote, mcheshi wa kambi, ambaye asubuhi ile alikuwa ametuchekesha mpaka mwalimu akageuza uso kuficha kicheko. Tulimwita kwa sauti. Kimya. Simu ya mwalimu haikuwa na mtandao.

"Mwalimu kwanza," dada akasema. Tayari alikuwa anakusanya fimbo zetu za kutembelea.

"Na yule?"

"Yule ana miguu."

"Kama naye amelala mahali kama hivi?"

Wote walinitazama. Wengine walikuwa wanalia kimyakimya, kamasi zikishuka juu ya skafu zao. Nilimtazama mwalimu, macho yake yalikuwa yanajifunga kwa uvimbe. Niseme ukweli, nilitaka kumbeba mimi. Nilitaka niwe ndiye niliyemfikisha zahanati, watu wanione naingia naye. Tena niliogopa kurudi kule.

"Dada, mchukue wewe," nikasema. "Nenda na wote. Sauti yako wataisikia. Mimi nitarudi kumtafuta."

"Huwezi kwenda peke yako."

"Nitakwenda na huyu." Nikamshika mkono msichana wa shule yetu, rafiki yangu. Akaitikia kwa kichwa.

Mashati yalivuliwa, wakabaki na fulana. Hakuna aliyekosea kifungo. Walipomlaza mwalimu, pumzi ilizidi kukwama, dada akaona upesi, akaamuru wamwekee mabegi mgongoni ili akae nusu. Kabla hawajanyanyua alinirushia kanga yake.

"Jifunike," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Pamoja. Kushoto. Kulia."

Nikasikia sauti ile ikipungua, kushoto, kulia, mpaka vichaka vikaimeza.

Sisi wawili tulirudi tulikotoka, kanga imetufunika vichwa, tukiinama na kusikiliza. Tulimwita kijana, tunasimama, tunamwita tena. Nilianza kuwaza nitamwambia nini mama wa kijana, ambaye namfahamu, ana kibanda cha vitambaa sokoni.

Ndipo tukasikia sauti ndogo. Ilitoka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Alikuwa ndani ya maji hadi kidevuni, shati amelifunika kichwani, na nyuki wachache bado wanamzunguka.

"Toka," nikamwambia.

"Siwezi."

"Wengi wameondoka."

"Si nyuki." Alisema taratibu, kama anayeogopa kuyashtua maji. "Tope limenishika miguu. Nikijitikisa nazama. Mimi sijui kuogelea."

Fimbo zetu zilikuwa zimeondoka na machela. Nilivua skafu yangu na ya rafiki yangu, nikaziunganisha na kanga iliyosokotwa; fundo la kwanza likateleza. Nikalifungua. Nikafunga tena. Tulilala kifudifudi ukingoni, nyuki mmoja akanichoma sikioni, sikumpiga. Tukamrushia kijana ncha, akaidaka mara ya pili. Maji yalimfika puani, akapotea, akatokea akikohoa. Tulivuta bila kusemezana. Mafundo yakakaza. Alipofika ukingoni alilala kwenye kinyesi cha ng'ombe akalia kama mtoto, wala hatukumwambia anyamaze.

Njiani kuelekea zahanati tulikuta kiatu kimoja cha mwalimu. Kijana akakiokota, akakibeba kwa mikono miwili. Tukaongeza mwendo.

Tulipotokea barabarani tuliwaona wenzetu wamekaa kwenye baraza ya zahanati, hawaongei. Nilisimama. Nilijua watu hukaa hivyo nje ya nyumba yenye msiba.

Dada akatoka ndani. Ngozi ya mabega yake ilikuwa imechubuka.

"Amechomwa sindano," akasema. "Anapumua. Gari la wagonjwa linatoka Handeni." Kisha, "Umempata?"

"Nimempata."

Akaketi hapo hapo kwenye ngazi, akafunika uso, mabega yakatikisika. Nikakaa karibu naye. Baadaye alinigeuza kichwa, akaanza kuikwangua miiba ya nyuki sikioni mwangu kwa ukucha, mmoja mmoja, nami nikafanya hivyo shingoni mwake. Muuguzi alipotoka alitukuta tukiwa hivyo, akatuacha.

Mwalimu alirudi kambini siku ya kufunga, upande mmoja wa uso bado umevimba. Tulimpa shikamoo kwa pamoja. Alituambia kwamba njia nzima hakumbuki kitu ila sauti moja ikisema kushoto, kulia, na kwamba aliishikilia hiyo. Akamtaja dada kuwa ndiye atakayewakilisha mkoa kwenye kambi ya taifa. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Viganja viliuma, na moyo pia.

Jioni nilikuwa nasugua masufuria kwa majivu, mwalimu akaja akasimama karibu.

"Nani aliamua mgawanyike?"

"Mimi, mwalimu."

"Ningekuwa mimi, ningemwacha yule kijana kwanza. Ningewapeleka wote zahanati, halafu nikatafuta watu wazima wa kwenda kumtafuta."

Nikaendelea kusugua.

"Angezama," akasema. "Na kama wewe ungenasa kwenye tope lile pamoja na mwenzako, leo ningekuwa naeleza kwa wazazi wa watu watatu. Nimelala hospitali nikiwaza hili, sijapata jibu."

"Mimi pia sijapata, mwalimu."

Akachuchumaa, akavuta sufuria iliyobaki, akachota majivu. Tulisugua mpaka vyombo vikaisha, kisha akaniomba nimsaidie kunyanyuka, maana mwili ulikuwa bado hauna nguvu.