Kitufe cha Salamu

Subira sikuzaliwa nayo. Kwenye kibanda chetu cha intaneti pale Kilosa mjini, wateja walilipia nusu saa wakaimaliza kwa salamu tu. Niliwatengenezea ukurasa wenye salamu za barua, lakini bado wengine walizinakili kwa kalamu kwenye karatasi, kisha wakaanza kuzichapa upya, herufi moja moja. Nilichoka roho. Nikahangaika na ule ukurasa mpaka nikaweka kitufe: "Nakili". Unakibofya, unabandika kwenye barua pepe, kazi kwisha.

Salamu yenyewe ilikuwa ile ya shuleni: "Shikamoo. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami." Karibu wateja wote walikuwa vijana wanaowaandikia wakubwa wao.

Kisha akaja baba, mstaafu wa reli. Alikuwa hasemi na kaka yangu tangu kaka alipoacha kazi ya reli aliyotafutiwa naye, akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba. "Mdogo ndiye anayeanza kusalimia," baba alikuwa akisema, huku mama akilia chumbani. Siku hiyo aliomba kumwandikia kaka kwa kutumia anwani yangu, lakini msaada akaukataa.

"Nimeshaona watu wanavyofanya. Kaa huko."

Barua ilipokwishakwenda ndipo nilipoisoma. Baba alikuwa amemwamkia mwanawe! Chini ya ile shikamoo alikuwa ameongeza mwenyewe: "Mama yako anakuulizia. Njoo nyumbani."

Niliona aibu. Kaka angeona anakejeliwa, na hapo ndipo asingerudi kabisa. Barua pepe haiitwi ikarudi. Baba sikumwambia. Kila mteja alipoinuka nilikaa kwenye mashine kutazama jibu, nikawa nawajibu watu ovyo.

Jibu lilikuja fupi. "Baba, usiniamkie. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo. Jumamosi nitakuwa hapo."

Nilimsomea baba, kisha nikashindwa kujizuia. "Baba, ile shikamoo uliyomtumia si yako. Ni kitufe changu kilichoiweka."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Unadhani sijui kusoma? Niliiona. Nikajua nikiifuta hiyo, na barua yenyewe siitumi."