Hendeli Juu ya Jiwe

Habari niliipata kwa utingo wa lori la chumvi lililosimama Ringwani kupoza injini. Alikuwa anamimina maji kwenye rejeta, akasema bila hata kunitazama, "Yule Mswahili wenu wa mashine ya mawe amefariki. Tarime. Leo alfajiri. Wenye basi lililotoka huko wametuambia." Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia ni mwongo, na nusura tushikane mashati pale barabarani mbele ya watu. Wasomaji wangu mnanijua, hasira zangu hazikai mbali. Baba yangu ndiye aliyenishika mkono akasema, "Mura, kijana wangu, lori linaelekea Tarime. Utapigana na mtu anayetupeleka msibani?" Tukapanda, baba mbele kwa dereva, shemeji yangu mke wa kaka na mimi nyuma juu ya chumvi. Lakini Waislamu hawachelewi kuzika. Tulifika jioni, shemeji akaelekezwa ndani kwa wanawake, sisi wawili tukapelekwa kaburini tukakuta limeshafukiwa, udongo bado mbichi, na wanaume wanakung'uta miguu waondoke. Baba akavua kofia akasimama muda mrefu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Jina la marehemu sitaliandika. Kwetu jina la mtu unayemheshimu halitupwi ovyo, na hilo la majina ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Fumbeni macho kidogo muone kilima. Kilima cha mawe nyuma ya kijiji chetu, kati ya Ringwani na Busawe, miaka ile tulipokuwa tumehamishiwa pamoja juzijuzi tu na nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala pale chini, ng'ombe wanapita ndani yake unaona pembe tu zikielea. Ndani ya ukungu huo ikaja mashine ya kuponda mawe, inakokotwa na trekta, imefunikwa turubai, na wanawake wakaipigia vigelegele kabla hawajaiona ni kitu gani. Tulipewa ili tupate kokoto za kujengea shule na zahanati. Ilikuwa na mdomo mpana unaotazama juu, na ndani ya mdomo taya mbili za chuma, moja imetulia, nyingine inatafuna. Pembeni, nyuma ya ukuta wa mbao wa kuzuia vumbi, injini ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli. Kati yao mkanda mrefu. Na juu ya trekta, amekaa kama bwana harusi, mtu mwembamba wa kutoka pwani aliyekuwa na karakana Tarime, kofia ya kufuma kichwani na spana mfukoni. Alishuka, akajinyoosha, akauliza, "Mwenyewe nani?"

"Ni mali ya wote, ndugu," mwenyekiti wa kijiji akajibu.

"Nitamfundisha nani?"

Mwenyekiti akatusukuma mbele vijana watatu. Fundi akacheka. "Hawa ni watatu. Umesema ni ya wote. Basi nileteeni wote, maana hii ikimeza mkono haitauliza kama ni mkono wa kamati."

Ndivyo alivyotufundisha, kijiji kizima. Wazee walioacha mifugo, akina mama wenye watoto mgongoni, hata mwalimu wa dini. Alitufundisha kutia grisi asubuhi kabla ya chai, kwa sababu alisema mtu akishakunywa chai anasahau wengine hawajanywa. Alitufundisha kubonyeza mkanda kwa kidole gumba kujua kama umelegea. Shuka na koti vilivuliwa mbali na mkanda, kanga zikafungwa kwa kubana, na mawe yaliyokwama yakasukumwa kwa mtaimbo, si kwa mkono. Mashine ikiunguruma tulikuwa tunakaa kimya tukiisikiliza kama watu walio kanisani. Vumbi lilishuka taratibu likatufunika wote. Jioni ulikuwa huwezi kujua nani mjomba, nani jirani, nani aliyetoka Gorong'a na nani wa hapahapa. Wote weupe, nyusi nyeupe, tunacheka kwa meno tu. Mpaka leo nikilala nimechoka naota hicho kilima, na katika ndoto hakuna anayezeeka, tunapita tu katika vumbi tukiitana.

Kuitana ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa. Kwa kuwa aliye kwenye injini hauoni mdomo wa mashine, na kwa kuwa vumbi limetufanya wote mtu mmoja, alisema kabla ya kuzungusha hendeli uite kwa jina kila mtu wa zamu, na kila mtu atoke asimame wazi, aitike. Asipoitika mmoja, huwashi. Na wa kushika injini alimchagua shemeji yangu. Watu walinong'ona, mwanamke tena, lakini fundi alisema ana sikio. Grisi ikipungua yeye anasikia kabla ya mwingine yeyote. Shemeji alikuwa mtu wa maneno machache, ila akiita majina sauti yake ilipanda kilima ikarudi.

Sasa, siku moja mchana jiwe likakwama. Shemeji akazima injini. Baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua mawe makubwa upande wa pili, mbali na alipo mkwewe kama inavyotakiwa kwetu, ndiye aliyekuwa karibu. Akapanda na mtaimbo wake, akaweka mguu mmoja ndani ya mdomo apate nguvu, akaanza kulichokoa. Sisi wengine tukashuka kunywa maji. Jiwe likalia, likakaa sawa, mtu akapiga kelele kwamba limeachia. Shemeji akaanza kuita. Aliniita nikatoka nikaitika. Akaita wa pili, wa tatu, wote tukasimama wazi. Halafu akanyamaza, akashika hendeli.

Jina la baba hakuliita. Hakulisahau. Kwetu mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe wake, hamwiti kwa sauti, hamtazami usoni, na baba mkwe naye hakai alipo mkwewe. Siku zote wawili hao walikuwa wanazungukana pale kilimani kama jua na mwezi, kwa hiyo shemeji alijua moyoni kwamba mzee hawezi kuwa karibu na mashine. Na baba naye, mle mdomoni, alikuwa anasubiri mmoja wetu amwite kwa niaba ya mkwewe. Alituambia baadaye, "Nilisema mimi bado, kwa hiyo hawawashi."

Injini ikashika. Mkanda ukavuta. Naona mpaka sasa, polepole kama kitu kilicho chini ya maji: taya inasogea, mtaimbo unasimama wenyewe, unapinda kama ufito wa mwanzi, na mkanda unapiga kelele unaruka kutoka kwenye gurudumu. Baba akajitupa nje kwa mgongo. Taya zilipobana mara ya mwisho kwa nguvu iliyobaki, zilitafuna kandambili yake ya tairi, na vipande vikadondoka chini pamoja na kokoto. Alikaa chini, mguu mmoja mtupu, anavihesabu vidole vyake kwa mkono.

Siku hiyo hiyo alasiri tukakaa kikao palepale kwenye mawe. Wengine walitaka shemeji atolewe kwenye injini na asiikaribie tena. Mmoja akasema afadhali mashine irudi ilikotoka pamoja na Mswahili wake, ametuletea mnyama wa kutumaliza. Shemeji alikuwa amekaa pembeni na akina mama, kajifunika kanga mpaka machoni, na mimi nilijua kikao kikiamua vibaya hatanyanyua tena kichwa kijijini pale. Fundi mwenyewe alikuwa amekasirika. Alimwendea.

"Mama, nilikwambia nini? Ita majina yote. Kwa nini hukumwita mzee?"

Shemeji akazidi kuivuta kanga.

"Nakuuliza. Ulitaka kumuua?"

Hapo ndipo mimi niliporuka. Nikamwambia, "Fundi, nakuheshimu kama baba, lakini hapo koma. Hawezi kumwita. Ni baba mkwe wake. Hata ungemwekea panga shingoni asingemwita."

Fundi akanitazama, akamtazama baba aliyekuwa anatazama upande mwingine kabisa, akamtazama shemeji ndani ya kanga. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Akasema, "Basi kosa ni langu. Huyu nimemfundisha mashine. Sikumuuliza anaishije na watu."

Yule aliyetaka mashine irudi akasema, "Sasa si uichukue?"

"Naichukua," fundi akasema. Akainuka, akaenda kwenye injini, akachomoa hendeli. Akaja nayo mpaka kwa baba akamwekea mikononi. "Shikamoo mzee. Kuanzia leo, yeyote anayeingia mdomoni anaingia na hii. Wewe ukiwa nayo huko, hakuna wa kuwasha, hata shetani."

"Marahaba," baba akasema, anaigeuzageuza. "Na nikiisahau humo ndani?"

"Basi mashine italala njaa, wewe utaenda kula ugali."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. Lakini baba hakucheka. Akauliza, "Na nikimaliza, ninampaje?" Maana kwetu hawezi kumpa mkwewe kitu mkono kwa mkono. Safari hii fundi hakujibu mwenyewe. Aliuliza, "Nyinyi mnapeanaje nyumbani?" Mama mmoja akajibu kwamba unaweka chini, unaondoka, mwingine anakuja kuchukua. Fundi akaangaza macho, akaona jiwe bapa kati ya mdomo na injini, akasema, "Hilo lisipondwe." Baba akaenda, akaweka hendeli juu ya jiwe, akarudi kwa mguu mmoja mtupu. Alipofika mbali, shemeji akainuka mbele ya kikao kizima, akaenda akaichukua. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kumtoa.

Ninasikia maneno siku hizi, na yananichoma. Watu wanapita vijijini wanaona trekta limeota majani, pampu imekufa, wanasema wanakijiji hawafundishiki. Sisi mashine yetu inatafuna mpaka leo, na kilima karibu kiishe. Fundi alikuwa anarudi kila lori lilipopatikana, anasikiliza grisi, anakaa kwenye zamu kama sisi, na jina lake ndilo shemeji alilokuwa analiita la mwisho.

Tulirudi kutoka Tarime tukakuta mashine imesimamishwa kwa heshima yake. Kesho yake ukungu ukiwa bado chini tukapanda kilimani. Baba alikagua mdomo, hendeli mkononi, akaja akaiweka juu ya jiwe lile ambalo sasa limekuwa jeusi kwa grisi, akajitenga. Shemeji akaichukua. Akaita majina. Tukaitika mmoja mmoja. Halafu, kwa mazoea au kwa makusudi, sijui, akaliita la mwisho, la fundi. Sauti ikapanda kilima ikarudi. Akasubiri. Tukasubiri wote, weupe kwa ukungu, hakuna aliyejua la kufanya, maana sheria ni sheria, asipoitika mmoja huwashi.

Baba ndiye aliyesema, macho yake yametazama mbali kwenye ng'ombe, kama anaongea na ukungu. "Huyo ameshatoka. Washa."

Ndilo neno la kwanza nililowahi kusikia akimwambia mkwewe. Shemeji akazungusha.

Na ninyi mnaopeleka mashine kwa watu, kabla hamjawaonyesha inavyowashwa, kaeni kwanza chini kwenye vumbi muulize nani hapa hawezi kumwita nani.