Paka wa Fundi wa Kombaini

Siku yangu ya kwanza kazini nilidondosha ndoo ya maji sebuleni. Kitu chenye manyoya marefu, mkia mnene kuliko mkono wangu, kilishuka kwenye kiti, kikaja moja kwa moja, kikasimama kwa miguu ya nyuma na kuniwekea ya mbele kiunoni. Nilipiga kelele. Mwenye nyumba akatoka jikoni mbio.

"Usiogope, ni paka tu," akasema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Endasak, na paka nilikuwa nimewaona wengi. Paka wa kwetu alikuwa mwembamba, analala ghalani, na ukimkaribia anakimbia. Hakuna aliyemgusa, sembuse kumbeba. Huyu alikuwa mzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na alinifuata chumba hadi chumba.

Mwenye nyumba alikuwa Mzungu mzee, mjane, fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, katika mashamba ya serikali. Kiswahili alikijua, na shikamoo yangu aliipokea vizuri. Wiki ileile alinifundisha kazi ambayo niliona haya kuisimulia nyumbani: kumchana paka. Kila siku, mgongoni, tumboni, nyuma ya masikio, kwa sababu manyoya yakisokotana yanavuta ngozi na kuleta vidonda. Baba alikuja kunitembelea, akanikuta barazani na chanuo mkononi. Akasimama na fimbo yake kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mwanangu, ulikuja hapa kufanya kazi, au kusuka chui?"

Mavuno yalipoanza, kombaini moja iliharibika, na fundi akaenda Arusha kutafuta vipuri. Alisema atakaa siku kumi. Ngano ilikuwa imefika hadi uani, na paka aliingia humo kila asubuhi akarudi na ndevu za ngano, zile nyuzi kali za masuke, zimemnasa mwilini. Nilizitoa zote kwa chanuo. Miguu sikuigusa. Kucha zake ziliniogopesha.

Baada ya siku chache akaacha kula. Nilimkatia nyama, akainusa na kugeuka. Lakini alipanda mapajani kwangu, akalala, akakoroma kwa nguvu kuliko siku zote, kifua kinatetemeka. Nikamwambia jirani, "Amenizoea mno, hataki hata nisimame." Siku tatu nilimpapasa hivyo, nimefurahi. Siku ya nne mkono wangu ulipita kwenye mguu wake wa mbele. Ulikuwa wa moto, umevimba, na nilipoubonyeza alilia kama mtoto mchanga.

Nilimfunga kwenye khanga, nikaenda naye kwa miguu mpaka kwenye josho, ambako bwana mifugo alikuwa akiogesha ng'ombe wa wafugaji wa Gendabi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeniletea nini, binti?"

Nilipofungua khanga wafugaji walisogea, wengine wakacheka. Bwana mifugo hakucheka. Aliubonyeza mguu taratibu.

"Ameanza lini?"

"Mimi nimeona leo. Siku zote hizi alikuwa anakoroma, nikajua ana raha."

"Paka hukoroma hata akiumwa. Huyu alikuwa anajituliza."

Siku tatu mnyama ameteseka mapajani kwangu, na mimi najisifu kwa jirani.

Bwana mifugo alimchoma sindano ya ganzi, akaniambia nimshike sana, akapasua karibu na kiwiko. Usaha uliruka mpaka kwenye kola yangu. Kisha akaingiza kibano na kuvuta, polepole, udevu wa ngano. Mzima, bado una rangi yake. Akavuta na wa pili.

"Zimeingilia huku," akasema, akapanua vidole vya paka. Katikati ya manyoya kulikuwa na kitundu kidogo. "Zina vijino. Zikiingia zinakwenda mbele tu, hazirudi."

Zilikuwa zimetembea ndani ya nyama kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Mfugaji mmoja mzee alijiziba mdomo kwa mkono.

Fundi aliporudi nilimweleza yote pale getini, hata kabla hajashuka kwenye gari. Nilijua kazi imekwisha. Hakunigombeza. Alikaa chini barazani, paka akamwendea akichechemea, naye akauzamisha uso wake kwenye yale manyoya akalia kwa sauti. Sikuwahi kuona mzee akilia hivyo, hata msibani. Nilisimama na mfuko wake mkononi, sijui nitazame wapi.

"Miguu sikukuonyesha," akasema mwishowe. "Kosa ni langu."

Kidonda kilipokauka alileta mkasi mdogo, akanikalisha kando yake. Akanionyesha namna ya kupanua vidole na kupunguza manyoya katikati yake ili ndevu zisinase tena, kisha akanipa mkasi. Miguu mitatu ya kwanza nilikata unyoya mmoja mmoja. Wa nne niliufanya vizuri, na paka alilala tu akinitazama.