Aliyekanda Makuli na Mbwa

Zamani mtu alikandwa miguu kwa kuwa kazi imemvunja. Siku hizi anayekandwa ni mbwa ambaye safari yake ndefu ni kutoka kwenye kochi hadi kwenye bakuli.

Jirani yangu tulimwita Vidole. Kwa miaka thelathini alikanda makuli wa ghala la nafaka, kwenye benchi nyuma ya mlango wa kupakulia, na kabla hajamgusa mtu alimwuliza swali moja: "Umebeba nini leo?" Gunia lina maumivu yake na sanduku lina yake. Kisha ikaja mashine ya kunyanyulia mizigo, makuli wakaambiwa wakapumzike moja kwa moja, na Vidole akabaki na chupa yake ya mafuta na chumba cha uani kwa mjane mmoja.

Asubuhi moja mjane akamwita. Chumba alitaka kumpa mpwa wake. "Ila, babu, huyu mbwa wangu hatulii, anajilamba miguu kutwa. Ukimkanda akatulia, wewe kaa. Mpwa atatafuta kwingine."

Basi mzee wa watu akampigia mbwa magoti. Mjane alisimama na simu akimsomea maelekezo: mguu wa mbele wa kulia kwanza, dakika moja kila kidole. Vidole akatii. Mbwa akang'ata mkono wa shati, akaingia chini ya meza.

"Nakupa hadi Ijumaa," mjane akasema.

Ijumaa nilikwenda niwe shahidi, maana siku hizi jirani akifukuzwa hakuna anayeinua kichwa.

"Mama, weka simu," Vidole alisema. "Mimi sianzii miguuni. Ukimshika mtu mguu hamjasalimiana, akikupiga teke ni haki yake."

"Huyu si mtu, babu."

"Najua. Mtu angekuwa ameshatutukana."

Akaweka kiganja shingoni mwa mbwa na, kwa mazoea, akamwuliza: "Umebeba nini leo?"

Mjane alicheka hadi akajifuta macho. "Abebe nini huyo? Hata mfupa analetewa."

"Basi hapo kazi ipo," Vidole akasema, wala hakucheka.

Akashuka taratibu, begani, kwenye kiwiko, hadi kwenye nyayo, akibonyeza kwa kidole gumba kama anayetafuta mwiba. Mbwa akashusha pumzi, kisha akanyoosha mguu wa pili mwenyewe. Makuli nao walikuwa hivyo hivyo, ila wao walisema ahsante.

Chumba kikabaki chake. Mjane akawa anawaambia wageni kwamba mbinu ile aliitoa kwenye simu.

Mara ya mwisho niliwaona siku mjane alipohamia kwa binti yake. Gari la mizigo lilikuwa limejaa. Mbwa alikaa mbele, dirishani, juu ya mto. Vidole nyuma, kati ya kabati na viti vilivyopinduliwa.

"Unakwenda wapi, mwenzangu?"

"Anakokwenda mkubwa," akajibu, akielekeza kidevu mbele, kwa mbwa.

"Na huko una chumba?"

"Nimeambiwa tutalala pamoja. Yeye amekubali."