Kidonge cha Mchana wa Ramadhani

Harufu ya kwinini huanzia puani kabla ulimi haujaonja uchungu, na kwangu mimi imechanganyika na vumbi la uwanja wa kijiji chetu, jirani na Mbau, wakati wa vita vya ukombozi. Wareno walikuwa wametukusanya ndani ya senyenge ili tusiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Dawa nazo walihofia zitafika huko. Kwa hiyo kila Ijumaa tulipangwa juani, wakubwa kwa wadogo, kila mtu ameze kidonge chake cha malaria mbele ya askari, kisha aachame akaguliwe chini ya ulimi. Mwenye nguvu mpishe; tulimeza.

Askari aliyekagua hakuwa Mreno. Alikuwa Bakari, mtoto wa pwani kama sisi, aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na baba yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ramadhani ilipoingia, bibi yangu, Bi Somoe, alimwomba kwa adabu: "Mwanangu Bakari, niache nikakimeze magharibi." Bakari akacheka. "Magharibi kitakuwa kimeshafika msituni, bibi. Meza!" Mwenzake akamsogezea bibi kopo la maji, naye akalikataa. Wazee wengi pale walishika hesabu hiyohiyo: ulicholazimishwa hakivunji saumu, lakini maji hakuna aliyekulazimisha. Akakiweka kidonge kwenye ulimi mkavu wa mfungo, akakisukuma. Kikakwama. Bakari akamwinua kidevu kwa fimbo, akamtaka aseme ahsante ya Kireno, ile wasemayo wanawake. "Sema obrigada! Shukuru, bibi!" Bibi alipofungua mdomo kusema, kidonge kikaingia njia ya pumzi.

Alikohoa mpaka macho yakamtoka. Askari wakadhani anajitapisha kwa hila, na Bakari akamziba mdomo kwa kiganja huku wenzake wakicheka. Nilikichukia kicheko kile, na bado nakichukia. Bibi alikohoa hadi adhana ya magharibi bila kugusa maji, na usiku kifua kikaanza kumchemka. Tulimzika kabla mwezi wa Idi haujaandama.

Siku hizi hakuna anayepangwa juani, na zahanati yetu ina muuguzi mpole anayewapa wazee benchi la kivulini. Juzi nilikaa hapo na mzee mmoja aliyepewa kidonge cha presha. Alikimeza huku akipiga soga, kichwa nyuma, akapaliwa. Muuguzi akampigapiga mgongo huku akitufundisha: "Koo likiwa kavu, kidevu kikiwa juu, au ukiongea huku unameza, kidonge hupotea njia." Nikaitikia kwa kichwa, somo hilo nililipata utotoni. Mzee alikuwa Bakari. Hakunitambua, maana mtenda husahau, mtendewa hasahau. "Mama, hebu mpe maji," muuguzi akaniambia. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nikakisogeza mpaka karibu na midomo yake, nikakishikilia hapo.

"Sema obrigado kwanza, Bakari," nikamwambia.