Riale za Kimarekani za Baba

Baba yangu hakuvuta sigara wala hakucheza bao. Ulevi wake ulikuwa riale za Kimarekani, zile za fedha tupu zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, zilizoletwa na wafanyabiashara wa meli zamani za mababu. Alizifuata Konde, alizifuata Pujini, vijiji vya kisiwani kwetu, kwa vibibi waliozitoboa wakazivaa shingoni. Akipata moja huidondosha kwenye saruji na kutega sikio. Ikilia vizuri hutabasamu. Ikilia kizito huguna na kuirudisha kwa mwenyewe. Sisi watoto wake hatukuwahi kutegewa sikio namna ile, na hilo nalisema bila haya.

Zilizokuwamo kabatini zilikuwa zimechakaa. Zile nzuri, alizorithi kwa babu yake, zilichukuliwa wakati wa Mapinduzi. Ndivyo alivyotuambia, na kila akisimulia sauti ilimkatika. Tulimwamini. Jamaa zetu wengi wenye asili ya Omani walipoteza mashamba siku zile, seuze riale.

Mwaka huohuo mama alijifungua mtoto wa kike, na mtoto akafa siku ya tatu. Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Baba na mzee mmoja wa jirani walimzika nyuma ya jiko, na mama alipotoka ndani baada ya arubaini yake ya uzazi, alionyeshwa mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Akapanda muasumini hapo. Kila Ijumaa, kwa zaidi ya miaka thelathini, alikaa kwenye kigoda akasoma Yasini, akalia kidogo, kisha akaenda kupika. Baba akipita na kanzu yake ya msikitini huinamisha kichwa. Mimi nikiona ni heshima.

Vilipokuja vyama vingi, kijiji kiligawika hadi watu wakasusiana maziko. Kisha uchaguzi mmoja ukaishia kwa risasi. Askari waliingia nyumba kwa nyumba, vijana wakalala maporini, na watu wakaanza kuvuka kwenda Mombasa. Baba ilimrudia hofu yake ya zamani. Asubuhi moja, tukiwa bado tunakunywa chai, alisema tunaondoka sote, akamwambia kaka yangu achukue jembe.

"Chimba penye muasumini."

Kaka alidhani mzee amerukwa na akili. Kaburi halifukuliwi hivihivi, alisema, na akakataa katakata. Baba akalishika jembe mwenyewe. Aling'oa mti, akachimba kina cha mkono, na likatoka kopo la samli lililozibwa kwa lami. Ndani mlikuwa na riale zilizoviringwa vitambaa, moja moja, nzuri kweli, ndizo zile za babu yake. Akaeleza harakaharaka huku akizifuta kwa kanzu. Mawe ya kaburi aliyahamishia juu ya kopo mwenyewe, mama alipokuwa ndani. Mwizi gani, askari gani, angethubutu kufukua kaburi la mtoto, tena lenye mama anayelilia kila Ijumaa?

Niliona aibu kuwa mtoto wake. Mpaka leo naiona.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, upawa mkononi. Hakuziangalia zile riale.

"Na mwanangu yu wapi?"

"Yuko kuno," baba alisema, akionyesha kwa kidole njia ya kisimani inayopita hapohapo nyuma ya jiko. "Humo njiani."

Njia ile tulikuwa tukiikanyaga sote tangu alfajiri hadi magharibi, ndoo kichwani, na mama kutushinda sote.

Siku ya pili baba na kaka walikuwa tayari na mizigo, na kopo limefungwa ndani ya mkeka. Nilikwenda kumwita mama. Nilimbembeleza, nikamwambia askari watarudi, nikamwambia huko tutapata hata chumba cha kupanga. Alikuwa amepiga magoti njiani na yale mawe mawili mapajani, akipapasa udongo uliokanyagwa ukawa mgumu, hajui kichwa cha mwanawe kiko upande gani.